Kaka Makori, Mama Alikikataa Kidonge Kile

Kaka yangu Makori,

Nimekukasirikia. Naanza hapo, maana nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia Tata, baba yetu, nimemkasirikia yule dresa na sanduku lake la dawa, na nikishawamaliza hao wote nabaki na mimi mwenyewe. Miaka kumi na mitatu umelala kando ya migomba ya nyumbani, na mimi miaka kumi na mitatu nimekuwa nikisalimia watu vizuri, nikiuliza habari za ng'ombe wao.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni wewe uliyenifundisha. Ulikuwa ukirudi mwisho wa mwezi kutoka shamba la pareto la Mzungu kule Nyansiongo, na mfukoni una kipande cha jiwe la Tabaka, jeupe, laini, la kuandikia. Ukaugeuza mlango wa ghala la Mama ukawa ubao. "Kerubo, andika *ninakuja*. Andika *nimefika*." Nikimung'unya maneno ulinigonga kichwani kwa kidole. "Kitoe mdomoni! Kiswahili si njugu!" Mwishowe nikajua kuandika kuliko mtoto yeyote wa shule ya misheni, na leo ni mwalimu. Yote yalianza kwenye mlango wa ghala.

Sababu ya pili ni kwamba kwa lugha yetu, jambo ninalotaka kuandika mdomo wangu unalikataa. Wewe unaijua chinsoni. Wasomaji wengine huenda hawaijui, basi nitawaambia: ni ile aibu ya heshima inayokaa kati ya mzazi na mwana, kati ya mke na baba mkwe. Kijana aliyekwisha kutahiriwa hataji mambo ya mwili mbele ya babake, wala baba mbele ya mwanawe. Hata haja ndogo haitajwi. Ni jambo jema, limetulea. Lakini kwa Kiswahili naweza kuandika neno lenyewe na kalamu isitetemeke, na ninaliandika: mkojo. Mkojo wako ulikuwa mweusi, kaka. Ukanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Barua hii haitatiwa kwenye bahasha. Habari ya ugonjwa wako ilikuwa siri. Hii isomwe na yeyote anayejua kusoma.

Unakumbuka mwaka ule, vita ilipokuwa imekwisha na askari wamerudi, homa ikapanda mpaka huku kwetu kwenye baridi. Zamani homa ilikuwa ya watu wa ziwani, sisi tulikuwa tukiwacheka. Mwaka ule tuliacha kucheka. Ulitoka Nyansiongo ukitetemeka, umejifunga blanketi jua likiwaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na homa ilikuwa imenishika vilevile. Tukawa tunalala pembe mbili za nyumba moja, tunashindana nani anagonga meno kwa sauti zaidi. Ulishinda, na ulijisifu.

Dresa, yule msaidizi wa daktari wa serikali, alikuwa akija sokoni Kebirigo siku za soko, anatandaza dawa zake kwenye meza, watu wanapanga mstari. Tukapelekwa, mimi na wewe, na Tata, na Mama nyuma yetu. Alitupa kwinini, tukapata nafuu. Tuliporudi soko lililofuata akasema bado haijaisha, homa imejificha kwenye ini, sasa tumeze dawa ya kufunga, ya kuizuia isirudi. Akatoa chupa nyingine, vidonge vidogo vya rangi ya udongo.

Mama alipoiona ile chupa alitoka nyuma akasimama mbele ya Tata.

Unajua jinsi watu walivyomwita Mama. Omogere, Mjaluo, yule aliyeokotwa makambini. Kana kwamba Tata alimkuta ameanguka njiani, si kwamba walikutana kwenye makambi ya Wasabato na akamfuata mpaka ziwani mara tatu kumwomba kwa wazazi wake. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nasi, anaongea lugha yetu, anapika mboga ya chinsaga kuliko wenyewe, na bado Omogere. Na kwa kuwa hakulelewa na chinsoni yetu, alilisema neno lote mbele ya mumewe, mbele yako mwanawe mkubwa, mbele ya soko zima.

"Vidonge hivi navijua. Ndugu yangu wa tumbo moja alipewa Kisumu alipokuwa kuli. Siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi. Macho yakawa manjano. Tukamzika. Na mtoto wa dada yangu, hivyo hivyo. Wanaume wa nyumba ya mama yangu hawamezi dawa hii. Makori hataimeza."

Watu walifunika midomo. Wanawake wakacheka kile kicheko cha aibu. Mama alikuwa ametaja vifo viwili, na soko zima likasikia neno moja tu, mkojo. Walisikia tusi, hawakusikia onyo. Tata alitazama chini akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Unaniaibisha mbele ya mwanangu."

Na dresa, ambaye alikuwa mtu wa kwetu kabisa lakini akivaa ile kofia yake ya serikali huongea Kiswahili tu, alisema: "Mama, hiyo ni mambo ya huko kwenu ziwani. Huyu mtoto ni ya baba. Mzee, kwa ukoo yako iko mtu alikufa na hii dawa?"

"Hakuna," Tata akasema. "Kuanzia babu yangu, hakuna."

"Basi. Mwili ni mwili. Dawa ni moja kwa watu yote."

Hapo ndipo walipokuua, kaka. Hawakukuua kwa ubaya. Walihesabu ukoo wa baba, kama tunavyohesabu siku zote, wakakuta ni safi, wakaridhika. Mtoto ni wa baba, shamba ni la baba, jina ni la baba, kwa hiyo na damu walidhani ni ya baba peke yake. Mama alikuzaa, akakunyonyesha, akakubeba mgongoni, lakini siku ya kuulizwa kilicho ndani yako hakuwa mtu wa kuulizwa.

Na wewe? Ulikuwa na miaka ishirini. Ungeweza kusema, "Mama amekataa." Ulimtazama Tata alivyoinamisha kichwa, ukamhurumia, ukanyoosha mkono ukameza. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulilisikia la mkuu, na angalia kilichokuvunjika.

Mimi nilimeza vilevile. Dozi ileile, chupa ileile. Sikupata hata kichefuchefu. Nilikuwa naruka kamba siku ya tatu, siku uliyoniita nyuma ya migomba.

"Kerubo," ulisema, "kojo langu liko kama chai iliyolala." Ulikuwa unacheka. Ulitaka niamini ni mzaha. "Usimwambie Tata. Na Mama akijua atapiga kelele tena kule sokoni. Ni uchafu wa homa unatoka tu."

"Uache dawa," nikakuambia.

"Zimebaki siku mbili. Nikiacha, Tata ataniuliza kwa nini, nitamjibu nini? Nitataja nini mbele yake?"

Kaka, ulimeza sumu siku mbili zaidi kwa sababu hukuwa na neno la kumwambia baba yako. Ndiyo maana nimekukasirikia. Na mimi niliyekuwa na neno, niliyeweza kukimbia hatua ishirini mpaka jikoni kwa Mama, nilikuahidi kunyamaza na nikajiona mtu mzima kwa kuaminiwa siri. Nimejikasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe.

Siku ya tano ulishindwa kusimama. Macho yalikuwa manjano, midomo imepauka, unahema kama aliyepanda mlima. Dresa aliletwa. Alitazama, akasema hiyo ni homa yenyewe, iko homa inayofanya hivyo, dawa haina kosa, kwani si dada yake amemeza na ndiyo huyu anatembea? Akaninyooshea kidole. Uzima wangu ukawa ushahidi wake. Ijumaa jua likizama, watu wakiikaribisha Sabato kwa wimbo, ulikata roho umeshika kanga ya Mama.

Kwenye mazishi mzee mmoja alisimama akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumrushia udongo. Mnamfundisha mtu kuficha tangu atoke jandoni, kisha mnamsimanga kaburini kwa kuficha!

Lakini hilo si baya kuliko lote. Unamkumbuka Mama Nyaboke, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akija kila asubuhi kwa Mama kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake? Siku ya tatu baada ya kukuzika alisimama kisimani akauliza swali moja. "Alijuaje?" Basi. Hakuongeza kitu. Omogere alisema mtoto atakufa, na mtoto amekufa. Alijuaje? Swali likapita kilima chetu chote. Wakasema ni yeye aliyekuroga, kwamba watu wa ziwani wana dawa zao, kwamba mama hamtaji mwanawe na kifo kwa pamoja kama hana jambo. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuja kwa Mama kuomba kaa la moto. Miaka kumi na mitatu! Unajua maana yake kwetu, mtu anayeogopa hata moto wako.

Tata aliendelea kuishi na Mama, kula kwake, kusali naye. Hakusimama hata siku moja kusema, "Alituonya, mimi ndiye niliyemnyamazisha." Nikimuuliza alinitazama tu, na mimi ni mwanawe, chinsoni ikanizuia kuendelea. Unaona jinsi inavyomfaa mtu.

Sasa nikupe habari zangu, ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Niliolewa. Nina wana wawili, wa kwanza ana jina la babake mume wangu, wa pili ana jina lako. Ana miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo kama wewe. Wakwe walilikubali jina lako bila neno. Walichinja.

Mwaka huu, kila Jumatano baada ya shule, nimekuwa nikienda kumtafsiria daktari mmoja wa misheni anayepita kutibu watu wetu. Siku moja aliletwa mzee wa kifua kikuu aliyelalamika kwamba tangu aanze vidonge miguu inawaka na kufa ganzi, na mwenzake wa kitanda cha pili anameza vidonge hivyohivyo na yuko salama. Nilitarajia daktari aseme mwili ni mwili. Hakusema. Alisema dawa ikiingia, kila mwili una namna yake ya kuivunja. Kuna anayeimaliza upesi, na kuna ambaye inamkalia mpaka inamdhuru. Hakuna kosa alilofanya. Alizaliwa hivyo, amerithi kama alivyorithi pua.

Niliacha kutafsiri. Mzee ananitazama, anasubiri. Nikamuuliza daktari, "Na mkojo mweusi? Kwa vidonge vya kufunga homa?"

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kuhusu wajomba. Hakuuliza ukoo wa Tata hata kidogo, aliuliza ndugu wa Mama, watoto wa dada zake Mama. Kisha akanichorea. Alisema kuna kitu ndani ya damu kinachoikinga isipasuke mtu amezapo dawa ile, na kuna watu wanaozaliwa nacho kikiwa dhaifu, hasa nchi zenye homa nyingi. Kitu hicho mwanamume hupewa fungu moja tu, na fungu hilo hutoka kwa mama. Mwanamke hupewa mafungu mawili. Fungu lako lilitoka kwa Mama, nawe hukuwa na jingine. Mimi hata kama langu la Mama ni bovu, la Tata lilinifunika. Ndiyo maana niliruka kamba.

Alilisema kwa furaha, kaka, kama mtu anayeonyesha saa mpya. Alisema ni jambo jipya, madaktari ndio kwanza wanaliandika. Nikamwambia mama yangu alilisema sokoni Kebirigo nikiwa mtoto, bila darubini, na wakamwita mchawi. Furaha ikamtoka usoni. Nilifurahi ilivyomtoka.

Kisha nikauliza swali lililobaki. "Na wanangu wa kiume?"

"Kila mmoja huenda analo fungu bovu, huenda hana," akasema. "Sina kipimo hapa. Njia pekee ya kujua ni kumpa kidonge na kungoja, na hiyo sitaifanya." Akaandika kadi kwa kila mtoto, kwamba asipewe dawa ile, akatia sahihi.

Mwezi uliopita homa ilipanda tena. Makori mdogo akashikwa. Na nani akaja na sanduku bomani kwa baba mkwe wangu? Dresa yuleyule. Ameota mvi, kofia ni mpya. Hakunikumbuka. Alimpa mtoto dawa ya kwanza, homa ikashuka, akarudi na chupa ya kufunga.

Nikatoa kadi. Aliisoma, akampa mume wangu, mume wangu akampa babake asiyejua kusoma. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mbele ya babake huwa hana mdomo.

"Karatasi inasema nini?" mzee akauliza.

"Inasema damu ya mtoto ina ubaya wa upande wa mama," dresa akacheka. "Mzee, hawa wa misheni hawajui desturi. Huyu mtoto ni ya kwenu."

"Ni wetu," mzee akasema. "Damu yetu haina ubaya. Mpe."

Jina lako walilikubali, kaka. Damu yako ndiyo waliyoikataa, wakiwa wamemshika mtoto mkono. Makori mdogo alikwisha kufungua mdomo. Ni mtoto mtiifu, kama wewe.

Nilisimama mbele ya baba mkwe wangu, mtu ambaye sijawahi kumpa mkono, ambaye nikimpelekea chakula naweka na kugeuka. Na sikusema kwa Kiswahili. Nilisema kwa lugha yetu, neno lenyewe, lile la mtoto mdogo, lile ambalo halina nguo. Nikasema kaka yangu alikojoa damu nyeusi. Nikasema nani alimpa, nikamwonyesha kwa kidole. Nikasema alikojoa hivyo siku tatu akaogopa kumwambia babake, na leo mimi siogopi, na mkimpa huyu mtakuja kuutazama mkojo wake wenyewe kwa macho yenu, wewe baba, na wewe mume wangu, nitawaletea kwenye kibuyu.

Mzee alivuta blanketi lake akajifunika uso, akainuka, akaondoka. Dresa alitazama ile chupa, kisha akanitazama mimi, na nadhani hapo alinikumbuka, kwa sababu mkono wake ulianza kutafuta kizibo. Mume wangu ndiye aliyemvuta mtoto kutoka kwake.

Mtoto amepona kwa dawa nyingine aliyoileta daktari. Baba mkwe hajala chakula changu tangu siku hiyo, na wanasema lazima nitakaswe. Watakase. Asubuhi nilimfuata Makori mdogo nyuma ya nyumba alikokimbilia akiwa bado na usingizi, nikatazama. Rangi ya kawaida tu, ya mtoto yeyote. Nikasimama pale nikiwa nimeshika mgomba, na hasira ikanipanda mpaka nikakosa pumzi, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja. Mtu mmoja angelisema kwa Tata kati ya siku ya tatu na siku ya tano.

Juzi nilikwenda nyumbani nikamsomea Mama ule mchoro wa daktari, mbele ya Tata. Mama hakulia. Aliniomba nirudie pale panaposema wanaume wa nyumba ya mama. Nikarudia. Tata alitoka nje, akakaa upande wa kaburi lako, na jua likamchwea huko. Sijui alikuambia nini. Kama amekuomba msamaha, usimharakishie. Kwanza akamwombe aliye hai.

Na habari imekwisha kuvuka kijito, unajua watu wa kilima chetu. Jana asubuhi, nikiwa bado kwa Mama, mlango ukagongwa. Mama Nyaboke, amezeeka, ana kigae mkononi. Akaomba kaa la moto. Hivyo tu, kana kwamba alikuja jana na juzi na kila siku ya miaka kumi na mitatu. Hakusema pole, hakutaja jina lako.

Mama akainama jikoni, akachagua kaa kubwa lililoshika vizuri, akampa.

Mimi nisingempa.

Lala, kaka. Hasira yangu nitabaki nayo mimi, wewe uliikosa siku ulipoihitaji.

Dada yako wa nyumba ya Mama,
Kerubo